Chelo ya Baba na Ufunguo wa Fa

Aprili 3, Ijumaa

Masika yameingia na Walid naye kaingia. Mvua imeanza alfajiri, na bwana mkubwa kachagua siku hiyohiyo kutuita klabuni, tukaenda na miavuli na ndara mkononi.

Walid ni mtoto wa shangazi yangu. Tangu mwaka jana ndiye kiongozi wa klabu yetu ya taarab hapa Bagamoyo. Kasoma muziki nje, karudi na miwani na maneno. Leo katangaza kwamba nyimbo sita za klabu zitarekodiwa kabla ya Idi ya kuchinja, na wapigaji wawili watatu wa Dar watakuja kutuongezea nguvu. Basi kila chombo kiandikiwe nota upya, kwa kanuni, mgeni akiketi apige bila kuuliza.

Mwandishi wa nota ni mimi. Napiga fidla, na karatasi za klabu hii nimeziandika miaka nenda miaka rudi bila mtu kujua mkono ni wa nani. Leo Walid kasema mbele ya watu wote, "Safari hii kila karatasi itakuwa na jina la Da Kholood, juu, upande wa kulia. Klabu nyingine wakizitaka, watajua nani kaandika." Ashura, mwimbaji wetu, kanikonyeza. Nikajitia hamnazo, lakini moyo umenicheza, nisijidanganye. Hata kama ni kilemba cha ukoka nimekivaa, na kimenienea.

Halafu akasema chelo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, iandikwe kwa ufunguo wa Fa. Mpiga chelo wa klabu ni baba yangu, Mzee Darwesh. Walid akamuuliza kwa adabu zote, "Mjomba, Fa haikusumbui?"

Baba akajibu, "Fa nimeisoma wewe hujatahiriwa." Ukumbi mzima ukacheka, na Walid akacheka nao.

Aprili 4

Mama kaniuliza, tukichambua mchele, ufunguo ndio mdudu gani. Nikamweleza kwa duka letu la vitambaa. Nota zinakaa kwenye mistari mitano, nikamwambia, kama rafu tano za dukani. Mwanzo wa mistari unachorwa ufunguo, nao ndio unaosema rafu ipi ina nini. Ufunguo wa Sol ukisema rafu ya katikati ina khanga, ufunguo wa Fa unasema rafu hiyohiyo ina shuka. Rafu ni zilezile, mzigo mwingine. Sol ni ya vyombo vya juu kama fidla yangu, Fa ni ya vyombo vizito kama chelo. Na nota isiyoenea kwenye mistari mitano inachorewa kistari chake cha nyongeza, chini au juu, na ikizidi kushuka vistari vinarundikana.

Mama kasema, "Na asiyejua ufunguo umebadilika?"

"Atatoa shuka mteja kataka khanga."

Hapa kwetu lakini kuna mila. Mwalimu wa mwanzo wa klabu alikuwa mpiga fidla, alijua Sol tu, akawafundisha wote Sol. Hata chelo iliandikwa kwa Sol, juu kuliko inavyolia, na mkono wa mpigaji ukajua wenyewe kuishusha. Nota zote za zamani ziko hivyo. Mgeni akiziona atapiga kulekule juu zilikoandikwa, kwa sababu mila yetu haikuandikwa popote juu ya karatasi.

Aprili 9

Nimemaliza chelo ya nyimbo tatu kwa Fa. Imetulia, nota zote zimekaa ndani ya mistari, na waya mnene kabisa wa chelo unataka vistari viwili tu chini. Juu kulia: Nota, Kholood Darwesh. Nimeliandika kwa kalamu ya wino, nikalitazama mpaka likakauka.

Aprili 12

Baba anafanya mazoezi chumbani. Nimesimama ukumbini nikisikiliza wimbo wa pili, na sikuutambua. Nimemuuliza kulikoni. Kasema unyevu umelegeza nyuzi.

Aprili 15

Mvua. Dukani hakuingia mtu.

Aprili 17, Ijumaa

Baba kaja dukani baada ya sala, kanzu imelowa pindoni. Kaweka karatasi zangu juu ya jora la satini.

"Hizi hazisomeki."

Nikamuuliza hazisomeki vipi, mwandiko au nota.

"Hazisomeki tu, Kholood."

Nimekaa na huyu mzee maisha yangu yote. Yeye ndiye aliyenishikisha fidla nikiwa na meno ya utoto. Sikuwahi kufikiri kuna kitu cha muziki asichokijua. Nikateremsha sauti, ingawa dukani tulikuwa wawili tu. "Baba, Fa unaijua?"

Kanitazama kama nimemvua kofia msikitini. Kanyoosha kona za karatasi, kakohoa, kisha kasema, "Niandikie kama zile za zamani."

"Sawa. Nitamwambia Walid tumeandika mbili, moja ya mila yetu na moja ya wageni. Si jambo la aibu hilo."

"Walid asijue."

"Kwa nini?"

"Nimeshasema mbele ya watu naisoma. Unataka nionekane muongo mbele ya watoto niliowapakata?" Alipofika mlangoni akageuka. "Wala mimi sikukwambia kitu. Umeandika mwenyewe."

Nilicheka alipoondoka. Nikaona ni maringo ya utu uzima, nikaona hata yanapendeza.

Aprili 19

Nilijaribu njia ya katikati. Nimemwandikia kwa Sol, lakini palepale chelo inapolia kweli, ili hata mgeni akitupia jicho asipotee. Matokeo yake nota zimening'inia chini ya mistari, vistari vitano, sita, na waya mnene ukataka vinane. Hapo mwenye macho mazima anahesabu kwa kidole. Baba ana mtoto wa jicho, la kulia limeshakuwa ukungu, na hospitali hataki kusikia. Alipiga vistari vitano akidhani vinne, akapotea, akaweka upinde chini.

Basi zikabaki njia mbili. Fa anaiona lakini haijui. Sol ya mila anaijua. Nimeandika Sol ya mila, na nota za waya mnene nimeziandikia herufi nyekundu chini badala ya kumrundikia vistari. Akaupiga wimbo kutoka mwanzo mpaka mwisho, taratibu, na mkono wake kwenye upinde bado ni wa mtu aliyezaliwa nao. Hakusema ahsante. Sikuitaka.

Aprili 24

Nyimbo sita, chelo mara mbili: za Fa kwa mgeni, za Sol kwa Baba. Jina langu liko kwenye zote. Vidole vina wino hadi kwenye ugali.

Aprili 26

Mgeni wa chelo kafika, anaitwa Mrisho. Kijana mpole, anaamkia hata watu wa rika lake. Kasoma karatasi zangu za Fa bila kukwama, kasema, "Dada, hizi mtu anapiga amefumba macho." Baba alikaa kwenye stendi yake, mbali kidogo, na karatasi zake kaziinamishia kifuani. Nimeona, nikacheka peke yangu.

Aprili 30

Mvua tangu jana. Barabara imejaa maji huko Zinga. Mrisho hakuja, kwa hiyo wimbo wa mwisho haujafanyiwa mazoezi na wageni hata mara moja.

Mei 2

Siku ya kwanza ya kurekodi imekufa. Ukumbi wetu ni wa bati. Kila tukianza, mvua nayo inaanza, na mwenye mitambo anainua mkono tusimame. Tumesimama hivyo mpaka adhuhuri. Walid kaanza kuzungumza kwa meno.

Mei 3

Vilevile. Ashura kasema Mungu hapendi wimbo wa tatu.

Mei 6

Walid kapata nyumba kubwa huko Kaole, paa la zege. Tumerekodi nyimbo tano. Baba kapiga mpaka mwenye mitambo kamuuliza chelo yake ni ya nchi gani. Nilikuwa nyuma yake na fidla yangu, na niliona fahari, nimeona niandike. Umebaki wimbo mmoja.

Mei 9

Naandika hapa jikoni, Mama kanifungia mlango nipate nafasi. Nina hasira, na nitaandika hivyohivyo.

Tulikwenda Kaole kumalizia. Dirisha la ule upande wa bahari halina kioo, wameweka turubai. Tulipokuwa tunajiweka sawa, upepo ukalivua turubai na maji yakaingia kama mtu kayamwaga kwa ndoo, yote juu ya stendi ya Mrisho. Karatasi zake nilizoandika kwa wino zikawa tope la buluu. Watu wakakimbilia kuokoa vyombo. Walid, muda unamkimbia, akasema, "Mrisho, kaa na mjomba, msome karatasi moja. Tunaanza."

Nikamtazama Baba. Neno moja tu lilitosha, aseme karatasi yake iko kwa mtindo wetu wa zamani, tusubiri kidogo. Macho yetu yalikutana, naapa yalikutana. Kisha akainamia nyuzi zake akajifanya anakaza. Mimi nami ningesema, lakini kusema kwangu ni kumvua nguo mbele ya watu, na aliniagiza Walid asijue. Nikanyamaza nikiomba Mrisho ashtuke mwenyewe.

Hakushtuka. Kaona Sol, kapiga Sol, kulekule juu ilikoandikwa. Chelo yake ikapanda ikatuingilia sisi wa fidla, inalia kama mbuzi aliyekanyagwa, na Baba huku chini anapiga sawa. Ganuni ikanyamaza, kodiani ikanyamaza. Walid kashusha mikono, kaja mpaka kwenye stendi, kainua karatasi.

"Hii ni Sol. Nani kaandika chelo kwa Sol?"

Jina lilikuwa juu, upande wa kulia. Hata hivyo kauliza, na watu wote wakamtazama Baba, kwa sababu karatasi ilikuwa yake.

Baba kasema, "Muulize Kholood. Mimi nilimwambia aandike Fa kama ulivyoagiza. Mimi napiga ninachopewa."

Kasema kwa utulivu, kama anataja bei ya kitambaa. Walid akanigeukia, mbele ya wageni, mbele ya mwenye mitambo, akaniambia kazi ya kanuni haitaki ubishi wa mazoea, na kwamba nimewapotezea watu siku. Kisha akasema karatasi zangu zote zitakaguliwa upya, na kwa sasa zitaandikwa Nota za Klabu tu, bila jina la mtu. Mrisho akaambiwa akae nje. Wimbo ukarekodiwa na chelo ya Baba peke yake. Alipiga vizuri, alipiga kwa karatasi yangu ileile yenye makosa.

Na mimi nilipiga fidla yangu mpaka mwisho. Sijui nilipata wapi mkono.

Tumerudi nyumbani gari moja. Baba kamuuliza dereva habari za watoto.

Mei 10

Chakula cha mchana Baba kala samaki, kasifu ukwaju. Nilimngoja aseme kitu. Kaomba maji.

Mei 11

Mrisho kapitia dukani kuaga, mkoba wa chelo mgongoni. Kasema, "Dada, sikulijua lile. Lakini si kosa, vitabu vya zamani vya chelo vingine vimeandika hivyohivyo, Sol ya juu, mpigaji anashusha."

"Mbona hukusema pale?"

"Nilikuwa mgeni, dada."

Nimemtakia safari njema. Yeye ana udhuru wake, na kila mtu pale alikuwa na wake.

Ashura kaja jioni na visheti. Nikamwaga yote kwake, kwamba Baba hajui Fa, kwamba aliniagiza. Alikuwa anatafuna, wala hakuacha kutafuna. "Shoga, nani asiyejua?" kasema. "Mzee Darwesh hajui Fa, hata muuza kahawa anajua. Sasa tungesemaje, mzee yule?"

Nikamwambia arudi na visheti vyake. Kaviacha, kaenda zake.

Mei 14

Walid kaja kununua kitambaa cha kanzu. Kashika jora hili, kashika lile, mpaka nikamwambia hapa hatuuzi kwa kupapasa.

"Da Kholood, usinichukie."

"Umekuja kukagua karatasi?"

"Nilijua," kasema. "Tangu mazoezi ya kwanza. Mrisho akigeuza ukurasa wake wa Fa, mjomba hageuzi, karatasi yake inaisha mahali pengine. Nikaona ni mtu mzima, nimsitiri."

"Ulijua, na bado ukanisimanga mbele ya wageni?"

"Ningefanyaje? Alishasema ni wewe. Ningemwambia mjomba wangu anasema uongo?" Kavua miwani, kaifuta kwa shati. "Wewe bado kijana, utaandika nyingine. Yeye ana chelo tu."

Nilikuwa nimemwona Walid mwenye kiburi, nikajua jinsi ya kuishi na kiburi chake. Huruma yake ndiyo iliyonikata. Wanasema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Baba kavuliwa nguo, kachutama nyuma yangu, na klabu nzima imesimama mbele kunizuia nisisogee. Wote wanajua. Wote wamepima heshima ya mzee na jina langu, wakaona langu ndilo jepesi.

Nimempimia kitambaa chake. Nimekata sawasawa.

Mei 16

Mvua kidogo. Nimekataa kwenda mazoezini.

Mei 18

Mama kasema baba ni baba. Nimemwambia sijasema ni mjomba.

Mei 22, Ijumaa

Nilijua atakuja. Walid kawapa wimbo mpya wa harusi ya baada ya Idi, na chelo kaiandika mwenyewe kwa Fa. Kwa nini kaandika Fa ilhali anajua, hilo mimi sikumuuliza. Labda alidhani nitafanya kama kawaida yangu. Labda wote walidhani.

Baba kaja dukani baada ya sala, kaweka karatasi palepale kwenye kaunta.

"Niandikie."

Nikamwambia, "Shikamoo Baba."

"Marahaba. Niandikie, kesho kutwa mazoezi."

"Nitaandika leo hii, kabla sijafunga duka. Lakini kwanza waambie mimi sikukosea."

Kainua mkono kama anafukuza nzi. "Hayo yamepita."

"Kwangu hayajapita. Jina langu limefutwa kwenye nyimbo sita."

"Jina, jina. Jina lako si ni Darwesh? Mimi niko pale."

Nadhani hapo ndipo kitu kilipokatika. Alisema kwa moyo safi, hakuona alichosema.

"Baba, sitaki uniombe radhi. Sitaki hotuba. Simama tu useme, nilimwagiza mimi, basi. Maneno mawili. Wote wanajua hata hivyo."

"Kama wanajua, mimi niseme ya nini?"

"Kwa sababu wewe ndiye uliyesema nimekosea."

Mteja akaingia kuulizia dera, nikamhudumia, akaondoka. Baba alikuwa bado amesimama, mkono juu ya karatasi. Kwa mara ya kwanza nilimwona amezeeka, jicho lile la ukungu linatoa machozi ya ugonjwa, na nusura nichukue kalamu. Naandika hili kwa sababu ni kweli, nusura niichukue.

"Mzazi hasimamishwi na mwanawe mbele za watu," kasema.

"Na mtoto?"

Kachukua karatasi yake, kaikunja, kaiweka ndani ya kanzu. Kaniachia mlango wazi.

Mei 24

Leo yalikuwa mazoezi. Baba alitoka na chelo. Nilikaa nyumbani nikisubiri, na nitasema ukweli, nilijiandaa. Nilivaa vizuri. Niliweka kalamu na karatasi mezani, nikachora mistari, nikachora ufunguo wa Sol mwanzoni, ili akirudi keshasema, nianze papo hapo.

Karudi bila chelo.

Kamwambia Mama vidole vinamuuma, baridi ya masika imemwingia kwenye viungo, chelo kaiachia klabu, watafute kijana. Kasema Walid alimsihi sana, na watu walisimama wakampigia makofi. Kisha kaomba uji.

Mei 27, Idi

Tumeswali, tumechinja, tumekula. Watu waliokuja kutoa mkono wa Idi wameniambia mmoja mmoja, pole, tumesikia mzee kaachia chombo. Wengine waliniambia kwa jicho la pembeni. Hija, mke wa jirani, hakuficha, kasema watoto wa siku hizi wanawachosha wazee. Nimemkaribisha biriani.

Mei 29

Walid kaleta ujumbe kwa mdomo wa Ashura. Kwa kuwa mzee kapumzika, jina langu linaweza kurudi kwenye karatasi, hakuna tena wa kumvunjia heshima. Nimemwambia Ashura amwambie aandike Nota za Klabu. Kaniuliza kama nina hakika. Nimemwambia aniletee wimbo wa harusi nitazame Walid kaandika nini, kwa sababu mtu lazima aandike, na Mrisho anakuja Jumapili.

Mei 30

Mvua imekatika. Mama kaanika magodoro uani. Tulipokuwa tunayageuza kaniuliza kama sasa nimeridhika.

Nimemwambia sikutaka aache chelo. Nilitaka aseme, nilimwagiza mimi.

Mama kapiga godoro kwa kiganja, vumbi likatoka. "Baba yako hayo hayawezi," kasema, kwa upole, kama mtu anayetaja ugonjwa wa ndani ya nyumba. "Mimi niko naye siku zote, sijawahi kuyasikia."

Chumbani kimya. Baba amekaa pembeni mwa kitanda, mahali alipokuwa akiketi kufanya mazoezi, mikono juu ya magoti. Kitu alichokipenda kuliko sisi sote kaweza kukiacha kwa siku moja. Maneno mawili kwa ajili ya binti yake yamemshinda.